Gongo Lililozidi Kipimo

Kila siku baada ya masomo, Kiberiti alipitia karakana ya mjomba wake kabla ya kwenda nyumbani. Alitundika mkoba wake kwenye msumari, akafagia maranda chini ya meza ya kazi, akapanga vipande vya mbao kwa kufuata urefu, kisha akakaa karibu na redio. Msimu huo redio ile haikupumzika. Timu ya taifa ilikuwa ikicheza na wageni mfululizo wa mechi tano za kriketi, na kila mechi ilichukua siku tano. Kiberiti alikuwa na daftari maalumu. Aliandika humo kila mkimbio, yaani kila pointi, kila mpigaji aliyetolewa, na kila mpira uliovuka mpaka wa uwanja.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Jina la Kiberiti alipewa na wanafunzi wenzake, kwanza kwa sababu alikuwa mwembamba, na pili kwa sababu hasira zake ziliwaka upesi.

Mara nyingi alikaa pale na rafiki yake, msichana mrefu aliyesoma shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Huyo walimwita Twiga. Alikuwa mrushaji mkali kuliko wasichana wote wa wilaya. Akikimbia na kuurusha ule mpira mwekundu wa ngozi, mgumu kama jiwe, wapigaji wengi walifumba macho.

Mfululizo ule ulikuwa wa vita. Katika mechi ya pili, mpigaji wa wageni aliurudisha mpira moja kwa moja kwa mrushaji, ukamvunja mfupa wa mkono. Katika mechi ya tatu, mpira ulimpata mwamuzi begani, akaanguka kifudifudi. Mtangazaji alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Magongo haya ya siku hizi, jamani! Haya si magongo, ni mizinga!"

"Mjomba, kwa nini anasema mizinga?" Twiga aliuliza.

Mjomba alikuwa seremala. Alitengeneza viti na milango, na alikuwa pia fundi pekee wa magongo ya kriketi katika mji ule. Alishusha gongo moja kuukuu kutoka ukutani, akaliweka mezani karibu na jipya.

"Tazameni ubavuni. Hili la zamani ubavu wake ni unene wa kidole kimoja. Hili la sasa ni vidole viwili na zaidi. Lakini hebu yashike."

Kiberiti aliyashika yote mawili. "Mbona uzito ni mmoja?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Siku hizi mbao inakaushwa sana na kubanwa kidogo, kwa hiyo gongo linanenepa bila kuwa zito. Zamani ukikosea, ukaupiga mpira kwa ubavu, mpira ulikufa palepale ukadakwa, nawe ukatolewa. Sasa hata makosa yanavuka mpaka."

"Basi ni zuri!" alisema Kiberiti.

"Zuri kwa aliyelishika. Mpigaji ana helmeti, ana glavu, ana pedi miguuni. Mrushaji ana nini? Ana paji lake la uso tu." Mjomba alimgusa Twiga kwenye paji la uso, wote wakacheka. "Ndiyo maana sheria imeweka kikomo. Nimeombwa nitengeneze kipimo kwa ajili ya mashindano yenu."

Kipimo chenyewe kilikuwa kibao chenye tundu lililokatwa kwa umbo la gongo. Gongo likipita tunduni, ruhusa. Likikwama, halichezi. Nyuma ya mlango wa karakana palikuwa na gongo moja lililokwama. Mjomba alikuwa amelikata nene mno, akaliweka kando mpaka apate nafasi ya kulipiga randa.

Wiki mbili kabla ya fainali ya mashindano hayo, shule mbili zilizofuzu, ya Kiberiti na ya Twiga, zilicheza mechi ya kirafiki. Twiga alimrushia Kiberiti mpira uliodunda ghafla, ukampiga mbavuni. Kiberiti alipiga magoti, pumzi imemkatika. Aliposimama, mpira uliofuata ulivirusha hewani vijiti vitatu alivyokuwa akivilinda. Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule kutolewa na Twiga, na mara ya tatu bila mkimbio hata mmoja.

"Kiberiti kimelowa!" walipiga kelele wasichana wa shule ile nyingine.

Twiga alimfuata nje ya uwanja. "Pole, shoga. Mbavu vipi?"

"Niache," Kiberiti alijibu. Usiku ule hakuweza kulalia ubavu. Kesho yake aliwaambia wenzake darasani, mbele ya watu wote, "Siku ya fainali nitamvunja yule. Mtaona."

Walicheka. Yeye hakucheka, na kabla ya jioni maneno yake yalikuwa yamefika shule ya Twiga.

Jumamosi asubuhi, siku ya fainali, mwalimu wa michezo alipitisha kila gongo kwenye kipimo cha Mjomba. Gongo la Kiberiti lilipita bila shida, na mwalimu akalichora alama ya wino mwekundu mgongoni. Asichojua ni kwamba ndani ya mfuko mrefu wa Kiberiti, chini ya pedi na taulo, lilikuwamo lile nene la nyuma ya mlango. Alilichukua jana yake Mjomba alipokwenda kununua gundi. Wakati timu ya akina Twiga inapiga, Kiberiti alijifungia chooni na kalamu nyekundu, akachora alama ileile. Alama ilifanana.

Timu yake ilihitaji mikimbio tisini na mbili. Aliingia uwanjani wa tatu. Mpira wa kwanza wa Twiga ulimpiga begani. Wa pili ulipita chini ya kidevu chake ukivuma. Watu pembeni waliguna. Wa tatu Kiberiti aliufuata kwa nguvu zake zote, akaukosea; ulipiga ubavu wa gongo. Kwa gongo lolote jingine angedakwa. Mpira ule uliruka juu ya vichwa vya wachezaji wote, ukavuka mpaka bila kugusa chini. Mikimbio sita.

Alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia. Akapiga mwingine, ukavunja kioo cha dirisha la ofisi ya walimu. Akapiga mwingine, ukamgonga msichana mmoja gotini mpaka akatolewa nje akichechemea. Wenzake walikuwa wakirukaruka na kuliimba jina lake. Mdaka mpira wa timu ya akina Twiga, aliyekaa nyuma ya vijiti, alimtazama kwa jicho kali.

"We Kiberiti, hilo gongo mbona nene kama mlango?"

"Cheza mpira, acha domo."

Twiga alianza kukimbia tena. Alikuwa amechoka na jasho lilimtiririka machoni. Alirusha mpira mrefu, wa moja kwa moja, mpira ambao kila mpigaji huuomba. Kiberiti aliinua gongo na kulishusha.

Sauti zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gongo. Ya pili ilifuata hapohapo, ya kitu kinachovunjika, na kila aliyekuwa uwanjani aliisikia.

Twiga hakupata hata muda wa kuinua mikono. Alianguka chali kama gunia. Alipojaribu kukaa, upande mmoja wa uso wake ulikuwa umebonyea chini ya jicho, na damu ilimtoka puani na kinywani, ikachuruzika kwenye shati lake jeupe. Alipapasa nyasi kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

"Sioni," alisema. "Jamani, sioni."

Mwalimu alikimbia na taulo. Mdaka mpira alivua glavu zake, akazitupa usoni kwa Kiberiti. "Umemuua! Ulisema utamvunja, umemvunja!" Akamsukuma kifuani. Msichana wa timu ya Kiberiti akamsukuma mdaka mpira. Mwingine akang'oa kijiti ardhini. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ulikuwa ngumi. Watazamaji wakaingia, wavulana wakubwa kwa wadogo. Vijiti vilitumika kama rungu. Msichana mmoja aling'olewa jino. Mwalimu wa michezo, akiwa ameinama juu ya Twiga, alipigwa jiwe kisogoni, akaendelea kuinama vilevile kumkinga yule mtoto huku damu ikimtiririka shingoni.

Katikati ya vumbi lile, Kiberiti alikimbilia kwenye mfuko wake. Hakukimbilia kwa Twiga. Alilisokomeza gongo nene chini ya taulo, akalitoa lile la halali.

Ghasia zilipotulia na Twiga kupelekwa hospitali, mwamuzi alimwita Kiberiti. "Lete gongo ulilolitumia."

"Hili hapa."

Likapitishwa kwenye kipimo. Likapita. Mwamuzi alimtazama sana. "Ndilo hili? Una hakika?"

"Ndilo, mwamuzi."

Mdaka mpira alipiga kelele kwamba si lenyewe, lakini nani angemsikiliza? Wasichana wa timu ya akina Twiga walirudi kwao na maneno yao wenyewe. Kufikia Jumapili jioni, mtaa wa ng'ambo ya barabara ulikuwa na habari moja: seremala alikata tundu la kipimo pana makusudi, ili gongo haramu la mpwa wake lipite.

Kiberiti aliisikia habari hiyo kisimani, akaisikia tena njiani. Mama yake alimuuliza kwa nini hali chakula. "Tumbo," alijibu. Jumatatu redio ilitangaza mechi ya nne imeanza. Daftari lake hakulifungua.

Siku hiyo alasiri alikuwa karakana akifagia, maana hakujua afanye nini kingine. Mjomba alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti. Mlango ulifunguliwa kwa teke. Aliyeingia alikuwa kaka yake Twiga, mpakia mizigo wa stendi ya malori, mwenye mikono minene kama nguzo. Nyuma yake walikuwa wenzake wawili. Kiberiti alirudi nyuma ya rundo la mbao akachutama.

"Wewe ndiye fundi wa vipimo?"

"Karibu, kijana. Kwanza pole, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mdogo wangu amefungwa uso mzima! Madaktari hawajui kama jicho litapona! Na wewe unaniambia karibu?"

Alipindua meza ya pembeni. Redio ilianguka ikanyamaza. Wenzake walichukua viti vipya, wakavivunja kimoja baada ya kingine ukutani. Mjomba aliinua mikono yote miwili. "Kijana, nisikilize. Kipimo kile ni cha haki. Chukua rula upime mwenyewe."

Ngumi ilimpata mdomoni. Akayumba, akashika meza ya kazi asianguke. Kaka yake Twiga aliubana mkono wake wa kulia juu ya ile meza, akaokota nyundo ya mbao.

"Mkono huu ndio uliokata tundu, sivyo? Sema kweli!"

"Sijakata tundu pana," alisema Mjomba. Damu ilikuwa imejaa kinywani mwake.

Nyuma ya mbao, Kiberiti alifungua mdomo. Neno lilikuwa palepale ulimini, neno moja tu. Halikutoka. Nyundo ilishuka. Mjomba alitoa mlio ambao Kiberiti hakujua kama mtu mzima anaweza kuutoa.

Nyundo ilipoinuka mara ya pili, alikuwa tayari ameruka juu ya rundo lile.

"Ni mimi! Mwacheni! Ni mimi!"

Wote waligeuka. Alikuwa analia, lakini maneno sasa yalimwagika yenyewe. "Gongo nililiiba mimi. Nene. Mjomba alilikataa, mimi nikalichukua. Alama nimechora mimi, na kalamu yangu. Halafu nikabadilisha. Mwamuzi nilimdanganya."

Alikwenda kwenye pipa la maranda, akachimbua kwa mikono, akalitoa gongo alilokuwa amelificha humo baada ya mechi. Alikiokota kipimo sakafuni, akalisukuma gongo tunduni mbele ya macho yao. Likakwama nusu njia. Doa la mpira lilikuwa bado katikati yake, duara jekundu.

Kaka yake Twiga alilitazama doa lile. Kisha akaiinua nyundo kuelekea kwa Kiberiti. Mjomba, mkono wake uliovunjika ameubana kifuani, aliingia katikati yao.

"Huyu ni mtoto," alisema kwa shida. "Umekwisha kunipiga mimi. Inatosha."

Kijana yule alisimama hivyo kwa muda, akihema. Aliviona vidole vya Mjomba, viwili vimepinda kule visikotakiwa kupinda. Nyundo ilimtoka mkononi. Akakaa juu ya kiti kilichovunjika, akaufunika uso wake kwa viganja.

"Sikujua, mzee," alisema. "Wallahi sikujua."

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi kwa mtu yeyote. Polisi walikuja, na kaka yake Twiga aliwasimulia kila kitu bila kupunguza. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa ilikubaliwa kwamba atafanya kazi karakana kila baada ya zamu yake, aushike msumeno na randa mpaka vidole vya Mjomba vitakapounga. Kiberiti alisimamishwa mbele ya shule zote mbili, akarudia maneno yaleyale. Mwalimu wa michezo alimsikiliza akiwa na bandeji kisogoni. Ushindi ulitolewa kwa timu ya akina Twiga, na Kiberiti alifungiwa kucheza mwaka mzima. Mdaka mpira aliombwa radhi hadharani. Kuna waliomzomea Kiberiti.

Kwa Mjomba alikwenda na kupiga magoti. "Niliona, Mjomba. Niliona kabla nyundo haijashuka, nikanyamaza."

"Najua," alisema Mjomba. "Gongo la nyuma ya mlango nililiona limetoweka, na wewe nilikuona umechutama."

"Sasa kwa nini hukunitaja?"

"Kusema ilikuwa juu yako, si juu yangu. Inuka, mwanangu. Maranda yamejaa."

Kwa akina Twiga ilikuwa ngumu zaidi. Mara tatu alibisha hodi, na mara tatu mama yake Twiga, mwanamke aliyekuwa akifua nguo za hospitali, alifungua mlango nusu na kusema, "Hataki kukuona." Mara ya nne, sauti ilitoka chumbani.

"Mama, mwache apite."

Twiga alikuwa amelala, chumba kimewekwa pazia zito. Shavu lake lilikuwa na mshono mrefu. Jicho lilikuwa limepona kwa sehemu. Aliona mwanga na maumbo, lakini madaktari walimkataza kusoma na kutazama televisheni kwa miezi miwili.

"Nilitaka kukupiga," Twiga alisema. "Nimelala hapa napanga nitakupiga wapi. Kwenye meno, nimeamua."

"Nipige."

"Nikikaa ghafla kichwa kinazunguka." Akaligusa shavu lake. "Uliniona nimeanguka, ukakimbilia mfuko wako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko shavu."

Kiberiti alikaa sakafuni kando ya kitanda. Alisema tu, "Ndiyo. Nilikuona."

Halafu Twiga akageukia ukuta. "Mechi ya nne nani kashinda? Redio hatuna, na Kaka hajui kriketi, ananiambia mabao mawili kwa moja."

Hapo ndipo Kiberiti alipoanza kwenda kila siku. Mechi ya tano, ya mwisho, aliisikiliza darasani wakati wa mapumziko na kwa jirani baada ya masomo, akaandika, kisha akamsimulia Twiga mpira kwa mpira. Wageni walipiga kama wendawazimu kwa magongo yao manene. Siku ya tano, mrushaji wa taifa, yule aliyevunjwa mfupa katika mechi ya pili, alirudi na mkono uliofungwa, akawatoa wapigaji wanne kabla ya mapumziko ya chai. Timu ya taifa ilishinda mfululizo kwa mechi tatu kwa mbili. Twiga alipiga ngumi godoro lake mpaka mama yake akaja mbio.

Mama yake Twiga hakuondoka. Tangu siku ile alipomwacha Kiberiti apite, hakuwa amemwambia neno zaidi ya "ingia" na "toka". Sasa aliweka chini kapu la nguo, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sikiliza, binti," alisema. "Nimekutazama unavyokuja. Sikuwa na haja ya kukufukuza, wala sikuwa na haja ya kukukaribisha. Leo nitakuambia kilicho moyoni mwangu, na sitakirudia."

Kiberiti aliinua macho.

"Gongo lile ulilichukua kwa hasira. Kila mtoto ana hasira, hata huyu wangu. Mpira ulipomvunja shavu, ulikwenda upesi mno kwa mtu yeyote kuuzuia. Lakini kuanzia Jumamosi mpaka Jumatatu ulikuwa na mdomo. Kila saa ilikuja ikakukuta, ukachagua kunyamaza, ikaondoka, ikaja nyingine. Katika saa hizo, mwanangu wa kiume alikuwa anageuka kuwa mtu mbaya, na mjomba wako alikuwa anakaribia kuvunjwa vidole kwa kosa ambalo si lake. Neno lako moja lingewaokoa wote wawili."

Alinyoosha mkono, akaufuta uso wa Kiberiti kwa ncha ya khanga yake.

"Utakosea tena maishani. Sote tunakosea. Siku hiyo ikifika, mwanangu, sema siku hiyohiyo. Usingoje nyundo iinuke."